Kiapo Kilichotangulia Swali

Jumamosi, Julai. Baridi ya kukunja vidole. Mlima haujaonekana tangu juzi.

...kwa hiyo hapana, haikuwa kanda mbovu. Jana niliishia hapo umeme ulipokatika, nikiwa katikati ya kulalamika kwamba kwenye video ya harusi yetu ninaitikia "ndiyo" kabla mchungaji hajaniuliza kitu. Leo umeme umerudi. Nimekaa kwenye stuli ya studio ya mume wangu hapa Kwa Mrombo, nimejifunga kitenge juu ya sweta, na ninatabasamu peke yangu kama mwehu.

Mume wangu.

Nimeliandika tena ili nilione. Harusi ilikuwa mwezi uliopita na bado nikilitamka dukani, "nipe vocha ya mume wangu," muuzaji ananitazama kama vile nimemtangazia ushindi. Sijali. Atanizoea.

Kwa unayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Naomi, mume wangu anaitwa Godlisten, mimi namwita Godi, na kazi yake ni kupiga na kuhariri video za sherehe za watu. Nilimfahamu kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa shangazi yangu kabla ya harusi yake. Alikuwa amepanda juu ya kreti la soda ili apate kuinasa keki vizuri, akageuka, akaniona nimesimama bila kazi, akasema, "Dada, nisaidie kushika taa." Nikaishika taa ile jioni nzima. Mkono uliuma siku mbili. Sikuwahi kufurahia maumivu kiasi kile.

Basi unaweza kufikiri kwamba watu wawili walioanzia kwenye kamera wangekuwa na video nzuri ya harusi kuliko wote Arusha. Ndivyo nilivyofikiri mimi. Kumbe wiki tatu nzima tumekuwa na video ya vichekesho.

Na haikuwa jambo la kuchekesha hata kidogo, kwa sababu ya Bibi.

Bibi yangu wa Kikwe ndiye aliyenilea. Mama alipokuwa akihangaika na biashara huku mjini, mimi nilikuwa kule kwa Bibi, kwenye mahindi na maharage, nikichota maji mferejini na kujifunza kusuka nywele kwa kufanyia mazoezi kichwa chake. Wiki ya harusi yangu yeye alikuwa hospitali. Presha ya macho. Daktari alimweleza vizuri, kwa upole, kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki ni kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kitabaki kwa muda gani? Hakuna aliyetaka kusema.

Nilitaka tuahirishe harusi. Bibi alikataa, tena kwa ukali. Alisema mchumba akishawekwa mlangoni haambiwi arudi kesho. Lakini aliniomba kitu kimoja. "Niletee hiyo video nikiwa bado naona. Nataka niuone mdomo wako ukisema ndiyo, na sauti niisikie iwe yako."

Hilo tu. Mdomo wangu na sauti yangu, kwa wakati mmoja.

Sasa sikiliza tulivyolikosa.

Harusini kulikuwa na kamera mbili. Bwana harusi hawezi kujipiga video mwenyewe, ingawa nadhani Godi alilifikiria hilo kwa dakika kadhaa. Kamera ya kwanza ilikuwa ya studio, aliishika Seba, rafiki yake anayefanya naye kazi. Yeye aliambiwa asitoke kwenye nyuso zetu. Kamera ya pili ilikuwa ya Baba mdogo Elisante, mdogo wake baba yangu, na alisimamishwa karibu na spika ya kanisa, kwa hiyo sauti yake ilitoka safi kama maji. Sauti ya Seba haifai. Imejaa vichanga vinavyolia na vigelegele vya shangazi yangu, ambaye alianza kupiga vigelegele tangu tunashuka kwenye gari na hakunyamaza hadi ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilipoingia ukumbini.

Unaona? Uso wangu uko kwa Seba. Sauti yangu iko kwa Baba mdogo.

Kuviunganisha si kazi ngumu, Godi aliniambia. Kamera hizi huandika saa ndani ya kanda, pamoja na picha. Mafundi wanaiita taimukodi. Kamera mbili zikiwa na saa zinazofanana, kompyuta inajua yenyewe kwamba kipande hiki cha kamera hii na kipande kile cha kamera ile vilitokea pamoja, inavipanga. Ndiyo maana asubuhi ya harusi, akiwa ameshavaa suti, kitu cha mwisho alichowaambia Seba na Baba mdogo kilikuwa: "Jamani, saa za kamera. Mziweke sawa kabla ya kuanza."

Waliziweka. Wote wawili wanaapa waliziweka.

Tulipoziingiza kanda kwenye kompyuta, vipande vyote vya Baba mdogo vilikwenda kujipanga mbele peke yao. Kisha ikafuata nafasi tupu, ndefu, nyeusi. Kisha ndipo vikaanza vya Seba. Kama vile kulikuwa na harusi mbili na wageni wa moja hawakualikwa kwenye nyingine.

Na hapa lazima nikueleze habari za Baba mdogo, maana bila hizo hutaelewa kwa nini Godi hakuweza tu kuvisogeza kwa mkono.

Baba mdogo ni mtu wa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nilikuwa mtoto wakati ule maduka yalipoanza kujaa. Ninaikumbuka harufu ya sabuni za kuogea za rangi, tulizozinusa hadi dukani wakatufukuza. Mitumba ilimwagwa chini siku ya mnada, na Bibi alinichagulia gauni la zambarau lenye lesi shingoni, kubwa kupita kiasi, akasema nitalikuta mbele ya safari. Kabla ya hapo sukari ilikuwa inafichwa chini ya kitanda. Mara ghafla kila mtu anaongelea redio ya kaseti ya mtu mwingine. Na katika kelele hizo zote Baba mdogo akauza ng'ombe, akarudi na kamera ya video, ile kubwa ya kubebwa begani. Ndugu walisema amerogwa. Mwaka haujaisha, ndugu wale wale walikuwa wanapanga foleni ili awapigie harusi za watoto wao.

Ninakumbuka siku alipotuonyesha video kwa mara ya kwanza, uani kwa Bibi, televisheni juu ya meza ya kulia chakula. Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani ili kuitazama. Kila mzee aliyepita kwenye kioo, Bibi alimwamkia. Sisi watoto tulicheka tukaambiwa tuna adabu mbovu. Sijui kwa nini kumbukumbu hiyo inanitoa machozi siku hizi. Nadhani ni kwa sababu alikuwa anaona kila kitu, hadi kifungo cha shati la mtu.

Basi kanda wakati ule zilikuwa ghali na adimu, na Baba mdogo alijizoeza kuzibana. Shela inaingia, anabonyeza. Watu wanaketi, anazima. Pete, anabonyeza. Mhazini wa kamati anasoma matangazo, anazima haraka sana. Kanda siku hizi si tatizo tena, lakini kidole chake hakijapata habari. Harusi yangu kwenye kamera yake ni vipande vidogo vidogo vingi, kama maharage yaliyomwagika sakafuni, na bila ile saa hakuna wa kukuambia kipi kinakaa wapi.

Godi akaamua kwamba saa ya kamera ile kuukuu ilikufa na kuanza upya. Akazima taimukodi yote, akaanza kutafuta kwa sikio. Alichukua wimbo wa kwaya kama alama, akaushika kwa Seba, akaushika kwa Baba mdogo, akavifunga pamoja. Kumbe kwaya ilirudia sauti ile ile ubeti baada ya ubeti, na yeye alifunga ubeti huu na ule unaofuata. Kila kitu baada ya hapo kikateleza. Ndipo mimi nikawa naitikia ndiyo huku mchungaji anameza mate ajiandae kuuliza. Pete ilipoingia kidoleni, sauti ilikuwa tayari ya watu wanaopiga makofi kwa busu la shavuni.

Na alipopima tofauti ya saa kati ya kamera mbili kwa kutumia alama hiyo, alipata namba isiyo na kichwa wala miguu. Hilo likamthibitishia kwamba saa ya Baba mdogo imekufa kweli.

Akaifuta programu, akaiweka upya. Akabadilisha waya. Seba akasema ni virusi, maana kwa Seba kila kitu ni virusi, hata gari lake lisipowaka. Juzi usiku nilimpikia Godi machalari, yale ya ndizi na nyama anayoyapenda, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane akaacha sahani nusu.

Nikamwambia, "Godi wangu, tumpelekee hivyo hivyo. Bibi ataelewa."

Akanijibu bila kugeuka, "Naomi, Bibi ataiona mara moja. Labda mara moja tu. Siwezi kumpa mdomo wa mtu na sauti ya mtu mwingine."

Niliingia jikoni nikalia kidogo, kwa furaha na kwa huzuni, zote zimechanganyika. Ni nani mwingine aliyepata mume wa namna hii? Anampenda bibi yangu kuliko usingizi wake.

Leo asubuhi Baba mdogo alitelemka kutoka Usa River na mkungu wa ndizi. Alikuwa anakwenda kwenye kikao cha kamati ya harusi ya watu wengine huko Elerai, akaona apite. Godi, aliyekuwa kwenye kompyuta pamoja na Seba, alisimama haraka kama mwanafunzi. Lazima ujue kwamba kamera aliishika kwa mara ya kwanza kwa Baba mdogo, miaka mingi kabla ya mimi kushika taa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkwe. Mbona uso kama umelamba ndimu? Binti yetu hakulishi?"

"Ananilisha, Baba." Godi akakuna kichwa. Alikikuna hadi nikamwonea huruma. "Ni hivi, samahani sana kusema. Ile kamera yako imechoka. Saa yake ilikufa siku ile."

"Ilikufa?" Baba mdogo akauweka mkungu chini taratibu. "Saa niliiweka mwenyewe, nje ya kanisa, na huyu Seba yuko pembeni yangu. Seba, sema."

"Ni kweli, kaka," Seba akasema. "Mimi niliweka kwa simu, Baba akaweka kwa saa yake ya mkononi. Tukabonyeza pamoja kabisa."

"Hii hapa!" Baba mdogo akaunyoosha mkono katikati ya chumba, saa mbele, kama shahidi. "Haijawahi kusimama hata siku moja. Itazameni."

Mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikaushika mkono. Mshale mfupi ulikuwa umeelekea nne. Nikatazama simu yangu. Simu ilikuwa imeandika kumi na dakika chache.

"Baba mdogo, mbona hii iko kwenye nne?"

"Kwa sababu sasa hivi ni saa nne."

Na kweli ilikuwa saa nne asubuhi! Nilibaki nimeushika mkono wake kama nesi. Tangu shule ya msingi mimi naangalia kumi, natamka nne, na sijawahi kujiuliza. Sisi sote tunafanya hivyo. Baba mdogo hafanyi. Saa yake ameiweka ionyeshe anachokisema. Baba yake aliivaa hivyo, na yeye anaivaa hivyo, na siku ya harusi yangu aliitazama mkononi akaiandika hivyo hivyo kwenye kamera.

"Jua likichomoza ni saa kumi na mbili," alisema, akitutazama mmoja mmoja. "Ninyi mnaangalia sita mnasema kumi na mbili, halafu mimi ndiye mgonjwa?"

Seba alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Godi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba! Kwa kamera yako mimi nimefunga ndoa kabla ya jogoo!"

"Na bibi harusi alikuja?"

"Alikuja."

"Basi anakupenda. Unalalamika nini?"

Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ni Baba mdogo, nikamshika tu mkono tena.

Godi alirudi kwenye kompyuta. Akavichagua vipande vyote vya Baba mdogo kwa pamoja, akaiongeza saa yao kwa masaa sita, akabonyeza. Sijui nikueleze vipi. Ile nafasi nyeusi ya katikati ikatoweka, na vipande vikashuka vyenyewe chini ya vile vya Seba, kila kimoja chini ya ndugu yake. Zilibaki sekunde chache tu za kutofautiana, maana saa ya mkononi na simu si mapacha. Godi alizimaliza kwa kutafuta mahali mchungaji anapogonga kipaza sauti kwa kidole kabla ya kuanza. Kwa Seba kidole kinaonekana, kwa Baba mdogo kishindo kinasikika. Akavikutanisha.

Kisha tukatazama, wote wanne tumebanana mbele ya kioo kidogo.

Mchungaji anauliza. Anamaliza kuuliza.

Nami ninanyamaza.

Nilikuwa nimesahau! Kwenye ile video mbovu nilikuwa mwanamke mwenye haraka, na baada ya kuiona mara nyingi nilishaanza kuamini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kumbe nilisubiri. Nilivuta pumzi, nikamtazama Godi, ndipo mdomo ukafunguka na sauti ikatoka humo humo, nyembamba, inatetemeka, yangu.

Halafu kuna hili. Baba mdogo aliambiwa asimame tu karibu na spika alinde sauti. Hakutii. Nilipokuwa navuta ile pumzi, yeye aliigeuza kamera kwa Godi. Kwa hiyo nimeona leo kitu ambacho siku ile sikukiona kwa sababu macho yangu yalikuwa na machozi na shela: kidevu cha mume wangu kinavyocheza akisubiri jibu langu. Mwanaume mrefu hivi! Alikuwa na hofu kwamba labda nitakataa. Mimi, niliyeshika taa jioni nzima.

Nilimgeukia hapa studio, akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Tulimpigia Bibi kwa simu ya shangazi anayekaa naye. Nilimwamkia, nikamweleza kwa pupa, kamera, masaa, Baba mdogo, sijui alielewa kiasi gani. Akanikatisha.

"Kwa hiyo mdomo na sauti vimepatana?"

"Vimepatana, Bibi."

"Basi msichelewe, mwanangu. Jicho la kushoto limeshaniaga. Hili la kulia bado linanisikiliza."

Godi alinipokonya simu, akamwamkia, akawa anasema tu, "Ndiyo, Bibi. Sawa, Bibi." Alipokata aliniambia Bibi amemuuliza kama uso wangu unaweza kuwekwa mkubwa. Godi alikuwa amepanga kuweka maua pembezoni, na mioyo ile inayopaa ambayo wateja wote wanaitaka. Ameviondoa vyote. Sasa hivi ninavyoandika yuko nyuma yangu anaukuza uso wangu hadi ujaze kioo, na kila mara ananiambia, "Njoo uone, una kidoti hapa, nilikuwa sijakijua."

Nimekwenda kuona mara nne. Nitakwenda tena.

Kuna kazi za wateja zinazosubiri, na Godi ameshawapigia kuwaomba radhi. Seba atatuendesha, ikiwa gari halitapata virusi. Bibi, wewe husomi huku, lakini ninaliandika hapa ili likae mbele ya watu na nisipate pa kukimbilia. Tutafunga mapazia. Utavuta kiti karibu kadiri utakavyo, hata pua iguse kioo, na hakuna atakayekuambia usogee nyuma. Tutairudisha pale pale pa ndiyo mara utakazotaka wewe. Tunakuja Kikwe, mimi na mume wangu, na Julai hii haitaisha kabla hatujabisha hodi kwako.